Tunanoa kuliko tunavyonyoa

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Wuppertal, Ujerumani. Gazeti lenu huwa nalisoma kwenye simu asubuhi nikienda kazini na lile treni letu linaloning'inia juu ya mto, na majuzi nikaikuta ile makala ya vijana wa mjini walioanza kuagiza nyembe za mpini, zile za kukunja walizokuwa nazo vinyozi wa zamani, nikasoma mpaka nikapitiliza kituo. Sina ugomvi na aliyeandika. Ila kuanzia juu mpaka chini ni makali tu, makali, makali, jiwe gani, pasta gani ya kunolea, wembe umefikia wapi, na uso wa mtu haukutajwa hadi mwisho kabisa. Nikasema huyu bwana anaumwa kama nilivyoumwa mie, tena mie niliumwa nikiwa jirani na kiwandani.

Maana Solingen kutoka hapa kwangu kwa treni nusu saa haifiki. Huo ndo mji wa nyembe, visu na mikasi, tangu 2012 hata jina lake rasmi limeongezewa neno la kuonyesha kwamba ni mji wa makali, na tangu 1938 jina la Solingen linalindwa kisheria, yaani huruhusiwi kuligonga kwenye wembe uliotengenezwa kwingine ukajifanya wa pale. Ukienda kwenye makumbusho yao kule Gräfrath utakuta vyuma vya kukatia vya kila zama, na ukiteremka mto Wupper zipo bado karakana za zamani za kunolea zilizokuwa zikizungushwa na maji. Wanoaji wa enzi zile walivuta vumbi la mawe hadi mapafu yakaharibika, wengi walikufa mapema. Kunoa kwao kulikuwa ugali. Sisi wa leo tunanoa sebuleni, chai pembeni, hakuna anayetulipa.

Sasa mie nilianzaje. Miaka 6 iliyopita nilikwenda soko la mitumba la Jumapili kutafuta stendi ya taa, nikauona wembe wa Solingen umelala kwenye boksi la vijiko. Bapa lake upana wa 5/8 ya inchi (nyembe hizi dunia nzima zinapimwa kwa vipande vya 8 vya inchi, hata huku kwenye watu wa sentimita), kutu kidogo mgongoni, mpini una ufa. Nikatoa euro 15. Kilichonivuta si wembe, ni babu mdogo, yaani mdogo wake babu yangu, alikuwa kinyozi Ngamiani pale Tanga na mie nimekulia miguuni kwake nikifagia nywele. Mzee yule alikuwa na kinoo kimoja cheusi kilichobonyea katikati, mkanda wa ngozi umening'inia kwenye msumari, brashi, kipande cha shabu na kolonya. Basi. Akishamaliza kuupitisha wembe kwenye mkanda anaupeleka kwenye malaika ya mkono wake mwenyewe, yakiruka anamwambia mteja kaa. Yasiporuka anarudi kwenye mkanda. Sijawahi kumsikia akizungumzia makali hata siku moja, alikuwa akizungumzia Coastal Union.

Basi nikajiunga na jamaa wa hapa wanaokutana mara moja kwa mwezi, watu wazuri sana, mmoja dereva wa basi, mmoja mwalimu wa hesabu, wote wana nyembe 20, 30, mwingine ana 70 na uso mmoja. Hao ndo walionifundisha. Jiwe la kwanza namba 1000, hilo la kuyaweka makali sawa (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), halafu 4000, halafu 8000, halafu 12000. Nikanunua yote. Kisha mkanda wa ngozi ya farasi. Kisha pasta ya kijani ya oksidi ya kromi ambayo chembe zake ni nusu mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha pasta ya almasi robo mikroni, na wapo wanaoteremka hadi 0.1. Sasa unywele wa ndevu wenyewe una unene wa mikroni 100 hivi, ni sawa na mtu kuazima mzani wa sonara akapimie mkaa. Nikanunua na hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta. Hapo ndo nikapotea kabisa, maana kwenye hadubini hakuna makali yaliyonyooka, kila ukitazama unaona msumeno, na ukishauona msumeno huwezi kulala.

Halafu kuna kile kipimo chao cha unywele. Unashika unywele mmoja kwa ncha za vidole, unauacha uning'inie, unaushusha taratibu juu ya wembe, ukikatika wenyewe bila kusukumwa wembe umefaulu. Kipimo hicho ndo kama mtihani wa taifa, watu wanapigana vijembe kuhusu umbali kutoka kwenye vidole hadi pale unywele ulipokatikia. Tatizo langu mie nywele zangu ni kipilipili, Mhariri, unywele wangu hauning'inii, unajikunja kama chemchemi ya kalamu na kuuzunguka wembe! Ikabidi nimwombe dada mmoja wa kazini, mwenye nywele ndefu, anipe nywele zake kadhaa, nikamweleza sababu kwa Kijerumani changu kile, na hadi leo akiniona kwenye lifti anangoja inayofuata. Na baadaye nikagundua kipimo chenyewe kinategemea unywele wa nani, mnene au mwembamba, mkavu au umeoshwa jana, umeshikwa upande wa mzizi au wa ncha. Wembe uleule unafaulu Jumatatu unafeli Jumanne.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawaambiwi, au wanaambiwa kwa sauti ndogo. Wembe wa mpini unapolazwa kwenye jiwe, makali na mgongo vyote vinagusa kwa pamoja, mgongo ndo unaoshikilia pembe, nyuzi 16 au 17 hivi, ndo maana hata asiye fundi anaweza kuunoa. Uzuri huo una bei yake. Kila unaponoa unakula kotekote, makali na mgongo. Ukinoa mara moja au mbili kwa mwaka wembe utakuzika na mwanao ataurithi. Ukinoa kila Jumamosi kama mie, kwa sababu hadubini imesema, au kwa sababu limekuja jiwe jipya na lazima lijaribiwe, mgongo unaanza kuwa bapa, mstari wa kung'aa unapanuka, na mkono usiosawazisha uzito unayala makali katikati hadi yanabonyea kama mashua. Wembe wangu ule wa euro 15 uliokaa na mwenyewe miaka sijui mingapi, ukakaa na kutu, ukahimili yote, mie niliumaliza kwa baridi mbili. Nendeni mitumbani mkaangalie, nyembe nyingi zilizokufa hazikuuawa na ndevu.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kijerumani aliyenoa mikasi Solingen maisha yake yote hadi akastaafu. Nilimpelekea wembe nikitegemea ataniambia jiwe lipi linafuata. Akaupapasa ule ubapa kwa dole gumba, akaangalia mgongo, akanyamaza, kisha akaniuliza, huu umeunoa mara ngapi? Nikamwambia kama mara 40. Akauliza, na umenyoa nao mara ngapi? Nikaanza kuhesabu, nikaona haya, maana hazikufika 15. Hakunicheka. Akanitolea wa kwake bafuni, mmoja tu, mweusi, hauna hata urembo, akaniambia yeye kila asubuhi anaupitisha mkandani mara 50 hivi, unaburutwa mgongo ukitangulia ili makali yasiuchane mkanda, na kwenye jiwe anarudi pale tu ndevu zinapoanza kuvutwa na mkanda umeshindwa. Anajuaje? Anauliza uso.

Hapo nisieleweke vibaya, maana najua kuna watakaoniandikia. Wembe butu ni hatari, tena kuliko mkali, kwa sababu unakufanya ukandamize, na mkono unaokandamiza ndo unaokata shavu. Wembe mpya wengi wanaoletewa na posta haujanolewa kiasi cha kunyolea hata kama kwenye boksi wameandika tayari, kwa hiyo anayeanza anahitaji kwanza aonje wembe ulionolewa na anayejua, la sivyo ataudhani mchezo mzima ni mateso. Kwa hiyo makali ni lazima. Ninachobisha ni hii kuyafukuza makali yanayozidi yale ambayo ngozi inaweza kuyatambua. Hata ndani ya mchezo kwenyewe wazoefu wanajua kuna wembe mkali mkavu, unaonyoa safi halafu uso unawaka hadi jioni, na kuna wembe mkali mtamu. Wanaopenda mawe ya Ubelgiji, yale ya manjano ya milima ya Ardennes, wanakubali wazi kwamba makali yake kwenye vipimo huwa yanashindwa na ya pasta ya almasi, ila usoni ni laini, na bado wanayalipia mamia ya euro. Kinachonoa ndani ya jiwe lile ni vipunje vidogo vya ganeti, ndugu zake wale vito wanaochimbwa bonde la Umba kwetu mkoa wa Tanga, ambako kuna aina ikaitwa ganeti malaya kwa kuwa haikukubaliwa na familia yoyote. Nikiwaambia Wajerumani maana ya jina hilo wanacheka kuliko wanavyocheka vichekesho vyao.

Lakini sababu kubwa iliyonikalisha niandike ni vipele. Ile makala imetuandikia sisi kama vile tuna ndevu za Kizungu. Ndevu zetu wengi zinajikunja, na unywele unaojikunja ukikatwa chini sana, ncha yake inabaki imechongoka kama mkuki, inakua ikigeuka na kuingia tena kwenye ngozi, au haitoki kabisa inachoma hapohapo ndani ya tundu lake. Mwili unadhani ni mwiba, unavimba. Madaktari wa ngozi kule Marekani wanataja kwamba tatizo hili linawapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume Weusi, kutegemea umeuliza nani, na jeshini kwao limekuwa kesi ya miaka na miaka kwa kuwa askari analazimishwa awe amenyoa kila siku. Dawa yake kubwa si wembe mkali zaidi. Dawa yake ni kuacha unywele urefu kidogo, kama milimita moja, kunyoa kwa kufuata zinavyolala ndevu, kutorudia rudia palepale.

Sasa tazama mchezo wetu unavyofanya kinyume. Wenye makali ya mikroni sifuri nukta ngapi wanajisifu kwa kunyoa raundi 3, ya kwanza kufuata ndevu, ya pili kukata pembeni, ya tatu kupanda juu, mpaka ngozi iwe kama ya mtoto mchanga. Na wembe wa mpini wenyewe unadai uivute ngozi iwe ngumu kama ngoma, la sivyo utajichanja, wakati madaktari wanamwambia mwenye vipele asiivute, kwa sababu ukiiachia unywele uliokatwa unarudi chini ya ngozi. Huo ni mgongano wa kweli, Mhariri, na hakuna jiwe linaloutatua, hata la 30000. Mie shingo yangu miaka miwili ya mwanzo ilikuwa kama ganda la fenesi, nikadhani wembe haujafika, nikazidi kunoa. Nilipoacha raundi ya tatu, na ya pili nikaibakiza mashavuni tu, shingo ikatulia ndani ya mwezi. Makali ni yaleyale. Kwa mwenye vipele vibaya ushauri wangu ni aachane na wembe wa namna yoyote, mashine ya umeme inatosha, hakuna aliyekatazwa kuwa mwanaume kwa kuwa na kivuli cha ndevu.

Na kwa wale wanaopenda sayansi, maana kila nikiongea hivi huwa ananyanyuka mmoja na sayansi yake. 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitoa kazi yao kwenye jarida la Science, mmoja wao alikuwa akijinyoa kwa nyembe za kawaida za dukani halafu anazipeleka kwenye hadubini ya elektroni. Wakaona makali hayaishi kwa kusagika polepole tu kama tulivyodhani, yanabanduka vipande vidogo, na kinachoyabandua ni unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma. Inatokea pale unywele unapopinda wakati unakatwa na ukakutana na sehemu ambayo chuma ndani yake hakilingani. Jamaa wengi wameisoma kama sababu ya kutafuta chuma kipya na jiwe jipya. Mie naisoma hivi, ndevu kavu iliyosimama vibaya itayavunja makali yako ya wiki nzima kwa asubuhi moja, kwa hiyo zile dakika 3 za taulo ya moto ambazo babu mdogo alikuwa haziruki, hata foleni ikiwa mpaka barabarani, zina kazi kubwa kuliko saa yako 1 kwenye jiwe. Ndevu ikinywa maji inalainika. Povu linaifanya isimame. Nyuzi 30 hivi kati ya wembe na shavu, mkono mwepesi. Vitu hivi havina hadubini yake, havinunuliki, labda ndo maana havipendwi.

Kuna na hili, ile makala imesema vinyozi wetu waliacha nyembe za mpini kwa uvivu wa kunoa. Si kweli kwa Tanga niliyoiona mie. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera 1983, na miaka iliyofuata hofu ikateremka hadi kwenye viti vya vinyozi, mteja anaingia anauliza wembe mpya uko wapi, anataka auone ukifunguliwa kwenye karatasi mbele yake. Wembe wa mpini ungeunoaje hata uwe nyota, haumjibu mtu huyo. Babu mdogo akaufunga wake kwenye kitambaa, akaanza kuvunja nusu wembe wa kisasa kwa kila kichwa, kisha mashine za umeme zikaja. Hakulalamika. Nilimuuliza kama anaukosa, akasema anaukosa mkanda, kwa sababu ule mlio wake ulikuwa ukimwambia mteja anayefuata ajiandae. Kwa hiyo vijana mnaofungua hizi babashopu za kileo zenye viti vya ngozi na taa za njano, kama mna wembe wa kudumu mmoja kwa watu wote, tafadhalini, huo ni wa nyumbani, uso mmoja. Kazini tumieni wembe wa kubadilisha.

Mpwa wangu naye kaingia. Alinipigia mwezi uliopita, mjomba shikamoo, nikaitika marahaba, nikajua kuna kitu anataka maana siku za kawaida ananitumia ujumbe wa sauti. Mjomba nisaidie pasta ya almasi na jiwe la 12000. Nikamuuliza umeshanyoa? Akasema bado, haujafaulu kipimo cha unywele. Unywele wa nani? Wa mdogo wangu wa kike, mjomba, nimemnyofoa. Ana miaka 22, ana ndevu 30 kidevuni, nilizihesabu kwenye video. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, sawa, nimempa baraka zangu, lakini huyu halilii wembe, analilia jiwe, na kwa hilo wahenga hawakuacha maelekezo.

Pasta sitatuma. Najua unasoma gazeti hili, mpwa wangu, kwa hiyo nakuambia hapahapa mbele za watu. Mkanda wa babu upo Chumbageni kwa mama yako mkubwa, nyuma ya mlango wa stoo, chini ya miamvuli. Utakuwa umeota ukungu, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache kivulini siku 2, usiuanike juani utapasuka. Mafuta kidogo sana ya kupaka viatu, yale yasiyo na rangi, uyasugue kwa kiganja mpaka ngozi ipate joto. Msumari ugongee kimo cha kiuno. Wembe mgongo ukitangulia, taratibu, ukifika mwisho unaugeuzia mgongoni si kwenye makali, mara 50. Kisha maji ya moto, na uanzie shavuni, kidevu kiache mpaka mwezi wako wa pili wa kunyoa.

Wenu,
Mtanga wa Wuppertal